Spika za KEF Concerto zenye makasha ya mtiki: nimwachie fundi apige msasa na klia?

Mwalimu_Raskazone (Tanga)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Marehemu baba aliniachia jozi ya spika za KEF Concerto, zile za Uingereza za miaka ya 1970, zenye wufa (spika ya besi) bapa ya umbo la yai, spika ya kati na twita (spika ya sauti nyembamba) ndogo. Kwa upande wa sauti sina malalamiko yoyote. Fidla na udi wa taarabu ya zamani husikika humo kwa uwazi ambao sijaupata katika redio nyingine yoyote niliyowahi kuimiliki. Tatizo langu ni makasha. Yametengenezwa kwa chipubodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, iliyovikwa ubao mwembamba wa mtiki, na kwa kuwa nyumba yetu iko karibu na bahari, miaka ya unyevu na jua la dirishani imeyachakaza sana.

Juu ya kasha la kushoto kuna duara jeupe lililoachwa na glasi, na kando yake doa jeusi la chungu cha maua. Karibu na ukingo wa nyuma ubao umefura, na ukiugonga kwa ukucha unasikia kabisa kwamba chini yake kuna uwazi. Sehemu ya chini ndiyo iliyoumia zaidi, kwa sababu sakafu hupigwa deki kila siku. Chipubodi imenyonya maji ikavimba, ubao umebanduka pembeni, na kipande chenye urefu wa kidole kimevunjika na kupotea. Upande ulioelekea dirishani nao umebadilika rangi, hauwiani na ule mwingine.

Fundi seremala wa mtaani kwetu amependekeza apitishe mashine ya msasa kote, apake sila (tabaka la kwanza la kuziba vinyweleo vya mbao), kisha apige klia (kinga angavu isiyo na rangi) ya kung'aa. Rafiki yangu mmoja anapinga vikali, naye anasema mtiki haupakwi kitu kingine zaidi ya mafuta ya linsidi. Naomba ushauri wa wenye ujuzi: ni nani kati yao nimsikilize, je, kazi hii inaweza kuiharibu sauti, na je, mtu mwenye msasa wa mkono na subira anaweza kuifanya mwenyewe?

FundiMninga (Nairobi)

Mwalimu, salaam. Kabla hatujafika kwenye klia au mafuta, tafadhali mzuie huyo fundi asiwashe mashine yake. Ubao uliovikwa kwenye makasha ya enzi hizo haufiki unene wa milimita moja, na sehemu yake imekwisha kuliwa na msasa wa kiwandani. Mashine ya msasa ikiinama kidogo tu kwenye ukingo au kwenye kona, hupenya hadi kwenye chipubodi kabla mkono haujahisi chochote. Ukishaona ile rangi ya kahawia iliyopauka yenye chembechembe, hakuna rangi wala nta itakayoificha, na dawa inayobaki ni kuvika upande mzima ubao mpya. Mtu aliyezoea kupiga msasa meza za mninga za ubao mzima hana sababu ya kuliogopa jambo hili, na ndiyo maana mafundi wazuri kabisa huharibu spika.

Jambo la pili ni kwamba huwezi kuchagua cha kupaka kabla ya kujua kilichopakwa mwanzo. Chagua sehemu isiyoonekana, nyuma chini kabisa, na uipime kwa utaratibu huu. Anza na tone la maji. Likinywewa na kuacha doa jeusi-jeusi, mbao iko wazi, au ilikuwa na mafuta ambayo yamekwisha. Likisimama juu kama shanga, kuna kinga, yaani tabaka la klia, vanishi au kitu kama hicho. Kisha chovya pamba kwenye spiriti na uishike juu ya mbao kwa muda mfupi: kinga ikilainika na kunata, hiyo ni shelaki. Spiriti isipofanya kitu, rudia kwa thina ya selulosi, ile wanayotumia wapiga rangi wa magari. Ikilainika kwa thina, ni klia ya selulosi. Isipolainika kwa vyote viwili na maji hayapenyi, basi mtu alikwisha pita hapo na vanishi ya kisasa, na kazi yako itakuwa ndefu zaidi.

Wakati unafanya majaribio hayo, safisha makasha yote kwa kitambaa kilicholowekwa tapentaini. Usitumie maji ya sabuni, kwa sababu kingo za chini zimekwisha kunyonya maji ya kutosha. Tapentaini huondoa nta ya samani, mafuta ya mikono na moshi bila kuigusa klia yenyewe, na mara nyingi nusu ya kile tunachokiita kuchakaa huondoka na kitambaa. Tena itakusaidia kwa jambo jingine. Mbao ikiwa bado imelowa tapentaini, inakuonyesha rangi itakayokuwa nayo baada ya kupakwa. Itazame vizuri wakati huo, hasa ule upande wa dirishani, kabla hujaamua kwamba rangi zimetofautiana mno.

Matengenezo ya mbao yatangulie kinga. Pale palipofura, pasue kwa wembe mpya kufuata mshipa wa mbao, wala usiukate mshipa. Ingiza gundi nyeupe ya mbao kwa bomba la sindano, kandamiza kwa kidole ili gundi isambae na ya ziada itoke, futa, tandika karatasi ya nailoni, kisha weka kipande cha ubao ulionyooka na uzito wa kutosha juu yake hadi siku inayofuata. Wengine hupendekeza pasi ya moto. Pasi husaidia pale gundi ya zamani inapokuwa ya aina inayolainika kwa joto, lakini gundi nyingi za viwandani za wakati huo hazilainiki tena, na joto litakuachia alama kwenye klia bila faida.

Chini kulikovimba, usiwe na haraka. Lilaze kasha kivulini penye upepo mpaka chipubodi ikauke kabisa, hata kama ni wiki kadhaa. Halafu kwangua unga uliolegea, penyeza gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili, ukiwa umeipasha kidogo juani ili iwe nyepesi na iingie ndani. Bana kwa klampu katikati ya vipande viwili vya ubao vilivyofungwa nailoni. Gundi nyeupe haifai hapo, kwa sababu ina maji, na chipubodi iliyokwisha kuvimba itavimba tena.

MzeeWaRedio (Unguja)

Mwalimu, nakupa pole kwa kufiwa na mzee, na nakupongeza kwa kuvitunza vitu vyake. Fundi Mninga ameeleza vizuri upande wa mbao, nami nitasema juu ya vilivyomo ndani, kwa kuwa huko ndiko nilikofanyia kazi maisha yangu yote.

Wufa ya Concerto ni KEF B139. Uso wake bapa si wa karatasi kama wufa nyingi. Ni povu gumu la polistirini lililofunikwa karatasi nyembamba ya aluminiamu. Tone moja la thina au asetoni likifika kwenye povu hilo kupitia mahali karatasi ilipochubuka, linaliyeyusha na kuacha shimo, na shimo hilo halizibiki. Spika ya kati, B110, ina koni ya plastiki iitwayo Bextrene, na twita yake, T27, ina kuba jembamba la plastiki ambalo hubonyea kwa kidole cha mtoto. Hizi mbili za mwisho ndizo zilizotumika pia katika LS3/5A, spika ndogo ya BBC, kwa hiyo hadi leo kuna watu wanaozitafuta kwa udi na uvumba. Kwa ufupi, usifanye kazi yoyote ya thina spika zikiwa bado ndani ya kasha. Usidhani kwamba kuzifunika kwa gazeti kunatosha.

Angalia kwanza kama zimefungwa kwa mbele au kwa nyuma, fungua skrubu kwa bisibisi inayokaa sawasawa, na kabla ya kuukata au kuuchomoa waya wowote, piga picha na uweke alama ya chanya na hasi kwa tepu. Zihifadhi katika chumba kingine, nyuso zikiwa zimefunikwa kitambaa safi. Vitu vilivyomo ndani ya kasha, yaani sufi ya kunyonya mwangwi na krosova (saketi inayoigawia kila spika sauti zake), vitoe au uvifunike vizuri.

Jambo la pili ni stilwuli. Maseremala wengi huitumia kulainisha klia baina ya tabaka na tabaka, na juu ya meza haina madhara. Karibu na spika ni hatari, kwa sababu nyuzi hizo za chuma huvunjika zikawa vumbi, vumbi huvutwa na sumaku, na likiingia kwenye upenyo wa koili ya sauti utasikia mkwaruzo usiotibika. Hata kama spika ziko chumba kingine, chembe zitabaki kwenye pembe za kasha na kuzisubiri zirudi. Tumia msasa laini sana au lile sponji la kijani la kusugulia vyombo.

Kuhusu swali lako la sauti, tabaka jembamba la klia au mafuta upande wa nje halibadilishi kitu ambacho sikio litakisikia. Kinachobadilisha sauti ni hewa kuvuja. Concerto ni kasha lililozibwa, na besi yake inategemea hewa iliyofungiwa ndani. Ukiirudisha wufa bila mpira wake wa kuzibia, au ukiacha ufa pale chini palipobanduka, utapoteza besi na kudhani wufa imechoka. Ukimaliza kufunga, isukume wufa ndani taratibu kwa viganja viwili vilivyotandazwa, kisha uachie. Ikirudi polepole, kasha limeziba. Ikiruka kurudi mara moja, tafuta panapovuja.

SamaniZaKale (Mombasa)

Shikamoo Mzee wa Redio, na salaam kwa Mwalimu. Mimi hutengeneza samani za zamani hapa pwani, na ningependa kuzungumzia hayo mafuta ya linsidi, kwa sababu ushauri huo hutolewa na watu wenye nia njema ambao mara nyingi wanaishi mahali pakavu.

Mafuta ya linsidi hayakauki kwa kupoteza maji. Hukauka kwa kuungana na oksijeni, na katika hewa yetu ya chumvichumvi na unyevu huchukua muda mrefu, hunasa vumbi, na huwa chakula cha kuvu. Nimeletewa makabati mengi yaliyopakwa linsidi kwa wingi, yakiwa yamenata na kuwa na madoa meusi ya kuvu katika kila pembe isiyopata upepo. Spika husimama karibu na ukuta, kwa hiyo mgongo wake haupati hewa. Ikiwa majaribio yataonyesha kwamba mbao iko wazi na ilikuwa na mafuta tangu mwanzo, basi pakeni mafuta yaliyochanganywa na vanishi, yale yanayouzwa kwa jina la Danish oil. Yapakeni kwa kitambaa, tabaka jembamba, na kinachobaki juu kifutwe chote baada ya robo saa.

Na kwa yeyote atakayetumia mafuta ya aina hiyo au linsidi yenyewe, vitambaa vilivyolowa visikunjwe na kutupwa kwenye ndoo ya taka. Yale mafuta yanapoungana na oksijeni hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulihifadhi joto hilo hadi kinawaka chenyewe bila kiberiti. Vitandazeni nje kimoja kimoja mpaka vikakamae, au vizamisheni majini. Nyumba zimeungua kwa jambo hili.

Doa jeusi la chungu cha maua ni chuma na maji vilivyokutana na asidi za mbao. Msasa hautaliondoa bila kuumaliza ubao. Linaondolewa kwa asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa katika maji ya moto na kupakwa kwa brashi ndogo juu ya doa tu, mbao ikiwa imeshaondolewa kinga. Vaa glavu, usivute unga wake, na ukimaliza futa mara kadhaa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Duara jeupe halina uhusiano na hilo. Weupe huo ni unyevu ulionaswa ndani ya kinga, na kwa kawaida mbao iliyo chini yake ni nzima.

Kipande kilichopotea pale chini kinahitaji kiraka cha mtiki. Hapo Tanga hamkosi mtiki, kwa kuwa shamba la Longuza liko Muheza, lakini miti ya mashamba mara nyingi huvunwa ingali michanga na rangi yake huwa hafifu kuliko ile iliyozeeka sebuleni kwako. Ni afadhali utafute redio ya kabati au meza ya zamani iliyokufa, ukwangue ubao wake. Kiraka kisikatwe kwa umbo la mraba. Kikate kwa mshazari, ncha zake zikifuata mshipa wa mbao, kwa sababu mstari unaokata mshipa huonekana kutoka mlangoni, na ule unaoufuata hupotea machoni.

Mwalimu_Raskazone (Tanga)

Nawashukuru sana, Mzee wangu, Fundi na dada. Nimefanya majaribio kama nilivyoelekezwa. Pande za kasha, kwa mbele na nyuma, hazikuguswa na spiriti hata kidogo, lakini thina imezilainisha na pamba imetoka na rangi ya manjano iliyoiva. Juu, hasa katikati ya kasha la kushoto, tone la maji limenywewa. Tapentaini imeondoa uchafu ambao sikujua kama upo. Maji ya kusuuzia vitambaa yalikuwa meusi, na upande wa dirishani sasa unakaribiana na mwenzake kuliko nilivyotarajia. Je, majibu haya yanamaanisha kwamba fundi wetu wa mtaani alikuwa sahihi tangu mwanzo?

FundiMninga (Nairobi)

Alikuwa sahihi kuhusu klia, na hakuwa sahihi kuhusu mashine na mng'ao. Spika zako zina klia ya selulosi, na katikati ya sehemu ya juu klia imelika ikabaki mbao tupu. Hapo rafiki yako wa linsidi naondoa ushauri wake, kwa sababu mafuta hayawezi kupenya kwenye pande ambazo bado zina klia. Yatakaa juu na kunata tu.

Uzuri wa klia ya selulosi ni kwamba tabaka jipya huyeyusha kidogo la zamani na kuungana nalo. Kwa hiyo pande zilizo nzima hazihitaji kukwanguliwa. Zipitie kwa mkono na msasa namba 320, kufuata mshipa, kwa uzito wa mkono wenyewe tu, hadi mng'ao wa zamani upotee. Usizikaribie kona. Kwenye sehemu ya juu, ondoa klia yote iliyobaki kwa kitambaa chenye thina, ukibadilisha kitambaa mara kwa mara. Duara jeupe litaondoka hapo hapo. Tibu doa jeusi kama dada alivyoeleza, acha ikauke vizuri, kisha ifute mbao kwa thina mpya na upake sila muda huo huo inapokauka, kabla mafuta ya asili ya mtiki hayajapanda tena juu. Mtiki hukataa kushikwa na kinga kwa sababu ya mafuta hayo, na watu wengi hulaumu kopo.

Nunua klia ya selulosi isiyong'aa, na fundi wako aipige kwa kompresa, tabaka nyembamba, kwa kuwa kwa joto la Tanga brashi itaacha mistari kabla hujafika mwisho wa upande. Chagueni siku kavu, saa nne asubuhi hadi saa tisa hivi. Thina inapokauka haraka hupoza uso wa mbao, na hewa ikiwa na unyevu mwingi unyevu huo hugeuka matone ya maji humo na klia yote huwa na ukungu mweupe. Ikitokea, ngojea ikauke na upige vumbi jembamba la thina yenye kukauka polepole, ukungu utaondoka. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na jiko la mkaa na sigara.

SamaniZaKale (Mombasa)

Nakubaliana na Fundi isipokuwa jambo moja dogo. Kwa kiraka, msimruhusu mtu apake rangi ya kukilinganisha kabla ya tabaka la kwanza la klia. Rangi ya mtiki uliokwanguliwa hubadilika ikipata mwanga, na kiraka kilicholingana leo kwa rangi ya kopo kitakuwa cheusi kuliko jirani zake baada ya miezi michache. Kiacheni kipate mwanga wa chumbani kwanza, na kama bado hakijawiana, rangi kidogo itiwe katikati ya tabaka za klia, si kwenye mbao. Tena spika ziwekeeni vikanyagio vya mpira, deki isizifikie tena.

Mwalimu_Raskazone (Tanga)

Nitafanya hivyo, na nimeshazungumza na fundi, amekubali kuacha mashine nyumbani. Swali la mwisho kwa Mzee wa Redio: baada ya klia kukauka, nisubiri muda gani kabla ya kurudisha spika ndani?

MzeeWaRedio (Unguja)

Usiangalie kalenda, tumia pua. Klia ya selulosi hukauka kwa kuguswa ndani ya dakika chache, lakini thina huendelea kutoka kwa siku nyingi, na kasha lililozibwa likifungwa mapema huihifadhi mvuke huo pamoja na povu la B139. Acha makasha yakiwa wazi, matundu yakielekea upepo. Kila jioni ingiza kichwa karibu na tundu la wufa na unuse. Siku utakapokosa harufu kabisa, mara mbili mfululizo, ndipo uanze kufunga, ukianza na krosova na sufi, kisha wufa, kisha spika ya kati, na twita iwe ya mwisho ili mkono wako usiwe na kazi nyingine karibu na kuba lake. Mipira ya kuzibia ikiwa imekakamaa, nunua sponji nyembamba yenye gundi inayowekwa kwenye milango ya magari, uikate kwa umbo la ukingo wa spika, na usikaze skrubu moja hadi mwisho kabla ya nyingine. Zikaze kwa mshazari, kidogo kidogo, kwa sababu zinashikilia chipubodi, na chipubodi ikishalika tundu la skrubu halishiki tena.